Vipande Kumi na Kimoja vya Berchmans

Mama Berchmans alikuwa amekataa kuondoa matanga. Hakukataa kwa ugomvi, maana si mwanamke wa ugomvi. Alisema tu kwamba kitambaa cheusi atakivua siku atakayomsikia mwanawe akipiga gitaa la besi ndani ya ile filamu anayoitengeneza Eliane, na kabla ya hapo mtu asimsumbue. Ndugu wa Nyakabere waliguna. Ndugu wa Lubarika walisema tangu lini matanga yakangoja sinema. Lakini filamu ilikuwa karibu kwisha na mahindi yalikuwa bado shambani, basi wakakubali kungoja.

Mwanawe mwenyewe, Jean-Berchmans, alikuwa na mwezi wa nne chini ya udongo. Pikipiki iliteleza kabla ya kufika Luvungi, yeye akiwa amepakata spika ya kwaya, na spika ndiyo iliyomwangukia kifuani. Spika ilipona. Hadi leo inatumika kanisani, na mdogo wake Donatien huchomeka besi humo kila Jumapili bila kuhisi kitu.

Hilo la kutohisi kitu ndiyo habari yenyewe. Donatien alimzika kaka yake kwa macho makavu. Alipokea mikono ya pole mmoja mmoja, akashukuru, akauliza kama wageni wamekula. Waliompenda walisema ni ushujaa. Wenye midomo, na Luvungi haijawahi kupungukiwa nao, walisema besi sasa ni yake peke yake, alie kwa nini? Haikuwa ushujaa wala wivu. Ilikuwa ganzi, ile ile ya mguu uliokaliwa muda mrefu, isipokuwa hii ilishika mtu mzima na haikuonyesha dalili ya kuanza kuchoma.

Ndugu hawa wawili walikulia nyuma ya ukumbi wa video wa Papa Iddy, mfanyabiashara wa ukoo wa zamani wa Waislamu wa Uvira, aliyekuja Luvungi na televisheni moja na jenereta moja akakuta mji mzima unamngoja. Filamu zilikuwa za karate, za Wahindi, za wapanda farasi. Mbele alikaa mfasiri na kipaza sauti, akisema Kiswahili juu ya kila kitu: juu ya maneno, juu ya ngumi, juu ya busu. Watoto wengine walikwenda kwa ajili ya ngumi. Berchmans alikwenda kwa ajili ya muziki, na muziki ulisikika pale tu mfasiri alipokunywa maji. Kwa bahati alikuwa mtu wa koo kavu. Akiinua chupa, Berchmans alimfinya mdogo wake pajani: sikiliza sasa.

Kwa mafunda hayo ya maji walijenga orodha ya muziki bora wa filamu duniani, na waliigombania kwa miaka ishirini. Majina ya filamu hawakuyajua, wala ya watunzi. Walizijua kwa picha. Ya kwanza kwa Berchmans ilikuwa ile ya mpanda farasi anayerudi nyumbani na kukuta mlango umepigwa misumari: noti tatu za besi, kimya, noti tatu tena, basi. Donatien alishikilia ya Wahindi, ile ya bibi harusi kwenye mvua, yenye violini hata hazihesabiki.

"Violon inakuambia: lia," Berchmans alimwambia. "Besi inakuacha uchague."

Wapiga besi nao walikuwa na orodha yao. Walikuwemo wakubwa wa Kinshasa waliosikika redioni, mmoja wa Bujumbura aliyepiga kwa kidole gumba, na juu ya wote Berchmans alimweka Habonimana, katekista wa Nyakabere, aliyejitengenezea besi ya nyuzi za waya wa breki na ndiye aliyemfundisha. Ulimwengu mzima ungeweza kucheka, hakumshusha. Donatien alipoulizwa wa kwanza kwake ni nani, alijibu kwamba bado anafikiri. Hakuwa anafikiri. Wa kwanza alikuwa amekaa mbele yake akila mihogo.

Lakini Berchmans alikuwa na kasoro, na wanakwaya wote wataapa mbele ya msalaba. Alikuwa anawahi. Wimbo haujaanza, besi imeshaingia. Mwalimu wa kwaya alimkemea hadi akachoka, na jibu lilikuwa lile lile: "Besi njo inafunguaka mulango. Utafungua wageni wakiisha kuingia?" Donatien, aliyefundishwa naye, alipiga kinyume chake. Aliingia panaposemwa, si mbele wala nyuma. Mwalimu wa kwaya alimpenda sana.

Nyumbani hawakuwa na spika. Berchmans aliegemeza kichwa cha gitaa kwenye ukuta wa chumba cha mama yao ili ukuta wenyewe usikike, na mama alilala na ukuta huo miaka kumi na miwili. Hakuwahi kulalamika. Aliwaambia majirani kwamba siku ukuta ukinyamaza, usingizi haumchukui.

Jambo lingine ambalo asiyepiga besi halijui: simu haiisikii. Video za kwaya zipo tele kwenye simu za watu, harusi na Pasaka na ziara ya askofu, na katika zote Berchmans anaonekana akitikisa kichwa na kusogeza vidole, na haisikiki hata noti moja. Alipokufa, Donatien alizipitia zote. Alimwona kaka yake mara arobaini na moja. Hakumsikia hata mara moja.

Ilibaki filamu ya Eliane. Eliane ni msichana wa Kalundu, pale Uvira, aliyesomea mambo ya kamera, na filamu yake inahusu mtu ambaye ziwa limepanda likachukua nyumba yake. Kilichobaki ni mlango. Anajitwika mlango huo kichwani na kutembea nao kutoka ziwani hadi juu uwandani, akitafuta mahali pa kuusimamisha. Dakika arobaini, karibu zote ni kutembea. Eliane alitaka mtu anapotembea isikike besi, na kinanda kidogo nyuma yake, na Berchmans, ambaye alikuwa ameungojea mlango huo tangu utotoni, alimpigia vipande kumi na kimoja kwa siku moja, katika ghala la Papa Iddy huko Kalundu. Wiki mbili baadaye alianguka.

Vipande hivyo ndivyo pekee vilivyobaki vya mikono yake. Na vilikuwa vibovu.

Ubovu wenyewe ni wa kwetu kabisa. Umeme wa Uvira unakuja unapotaka, kwa hiyo wanamuziki hupiga kwa umeme wa jenereta, na jenereta ikiwaka huunguruma ndani ya spika: sauti moja, nzito, isiyokoma, karibu na noti ya sol. Wageni huziba masikio. Wapiga besi wa pale huitumia. Unategesha uzi mwembamba, yaani unaulinganisha sauti na ule mngurumo, nyuzi nyingine zinafuata, na wenzako wote wanategesha kwako. Mungu ametoa sol bure, kwa nini ununue kifaa? Siku ile mafuta ya Papa Iddy yalikuwa machafu na jenereta ikawa inachoka polepole. Inavyochoka, mngurumo unashuka. Berchmans, mtu mwangalifu, alitegesha upya kabla ya kila kipande. Kila kipande kikatoka chini kidogo ya kilichotangulia. Pale ghalani hakuna aliyejua, maana jenereta na besi vilishuka pamoja kwa upendo mkubwa.

Ilijulikana Eliane alipoongeza kinanda. Alikuja kumwona Donatien siku ya Jumatatu, siku tano kabla ya filamu kuonyeshwa. Alimpeleka chumbani kwake Mulongwe, mjini Uvira, akamvalisha vya masikioni, akamsikilizisha. Kinanda kilisimama mahali pake na besi ikazama chini yake. Kufikia kipande cha nane ilikuwa kama watu wawili wanaoimba nyimbo mbili kanisa moja.

"Nilijaribu kuipandisha na ordinateur, hii kompyuta," Eliane alisema. "Mungurumo nayo inapanda. Inakuwa sauti ya mbu. Donatien, nilijaribu wiki mbili."

"Niko nasikia."

"Unaweza kuipiga weye?"

"Naweza."

Eliane alimtazama. Alikuwa amejitayarisha kwa hasira, labda kwa machozi, na alikuwa hata ameweka leso kando ya kompyuta. Donatien aliuliza tu kifaa cha kutegeshea kiko wapi.

Alivisikiliza vile vipande vyote, kila kimoja mara tatu, ili ajifunze noti. Hakusikiliza kama mdogo mtu. Alisikiliza kama fundi anayepima shati la marehemu ili ashone jingine. Kipande cha saba ni pale mtu ameuweka mlango chini apumzike, kisha anainama kuubeba tena. Berchmans ameingia mapema. Mtu bado amekaa chini, amejishika magoti, na besi imeshaanza kutembea. Donatien aliandika kwenye karatasi: *saba, amewahi.* Alipokipiga yeye alingoja mtu ainame, ashike, ainue, ndipo akaingia. Kilikaa barabara. Eliane alisema kimekaa vizuri mno.

Kufikia saa kumi vyote kumi na kimoja vilikuwa tayari. Ndipo kompyuta ilipokataa kuvihifadhi. Ilikuwa imejaa filamu hadi kooni, na disque ya akiba ya Eliane, ya kuwekea nakala, ilikuwa imekufa tangu mwezi uliopita.

"Nafasi haiko, hata kwa simu zetu," alisema. "Kama nafuta vya yaya yako Berchmans, vyako vinaingia. Ama tungoje nipate disque ingine Bujumbura. Ni wiki moja, labda mbili. Watu tulishawaita siku ya posho, hii Jumamosi."

"Futa."

"Hakuna fasi ingine vyake iko, Donatien. Ni hapa tu."

"Najua. Futa."

"Na Mama?"

"Mama atasikia besi. Besi ni besi."

Hapa mimi ningependa kumshika mkono. Lakini wa kumshika hakuwapo. Alikuwapo Eliane aliyechoka, na wageni walioitwa, na mtu ambaye ndani yake hakuna kengele iliyolia. Eliane aliuliza tena mara ya pili. Donatien alitikisa kichwa kukubali. Vipande vilitoka kwa muda wa kupepesa macho. Alijitafuta ndani aone kama kuna kitu, kama mtu anayepapasa mfuko kutafuta ufunguo, hakukuta. Akakunja waya wake, akanunua ndizi mbili barabarani, akazila akingoja gari la Luvungi.

Jumamosi saa nane mchana ukumbi wa Papa Iddy ulijaa. Madirisha yalizibwa kwa magunia. Ndugu wa Nyakabere walikaa upande mmoja na wa Lubarika upande mwingine, wanakwaya wakasimama nyuma, na Mama Berchmans akawekewa kiti chenye mgongo mbele kabisa, kitambaa cheusi kikiwa kimefungwa hadi kwenye nyusi na pindo lake likishuka usoni. Nyumbani wali na maharagwe vilikuwa jikoni, pombe ya ndizi imeshachujwa, na shangazi yake Donatien alikuwa ametayarisha kitambaa cheupe cha kumvalisha mama baada ya hapo. Papa Iddy mwenyewe aliwasha jenereta, aliyokuwa ameirudisha Luvungi na kuisafisha kwa heshima ya siku hiyo.

Filamu ilianza. Mtu akatoka majini na mlango kichwani, na besi ikaingia.

"Berchmans huyo," mtu alisema gizani. Mwingine akajibu, "Njo yeye." Shangazi alianza kulia kwenye kipande cha pili. Kufikia cha nne wanakwaya walikuwa wanalia, na mwalimu wa kwaya, aliyemkemea marehemu miaka tisa, alisema kwa sauti iliyokatika kwamba hajawahi kumsikia akipiga vizuri hivi. Hapo alisema kweli bila kujua. Donatien alikaa mwisho wa benchi, akisikia watu wakimlilia kwa jina la kaka yake, na alichowaza ni kwamba spika ya kushoto ina hitilafu.

Kilipofika kipande cha saba mama yao aliinama mbele kidogo. Kisha akaegemea kiti tena, akabaki hivyo hadi mwisho.

Taa zilipowashwa, watu walipiga makofi, wakafuta macho, wakaanza kutoka kuelekea nyumbani kwa mama, nyuma ya ukumbi, maana harufu ya maharagwe ilikuwa imefika. Mama Berchmans hakuinuka. Shangazi alipokuja kumshika mkono alimwambia atangulie. Alimwita Donatien kwa kidole, akamwonyesha benchi.

"Huyu alikuwa nani?"

"Nani, Mama?"

"Huyu anapigaka besi."

Angeweza kudanganya. Nje watu sitini wangemshuhudia.

"Ni yaya," alisema.

"Hapana." Mama hakupandisha sauti. "Yaya yako hakungojaka hata siku moja. Nilimuzaa na miezi nane, hata kuzaliwa hakungoja. Mutu ule iko anachukua mulango, na besi inamungoja mpaka anasimama. Huyo ni weye."

Donatien alitazama mikono yake. "Ni minye."

"Yake iko wapi?"

"Ilikuwa na makosa. Nikasema waifute."

"Itarudi?"

"Hairudi, Mama."

Papa Iddy, aliyekuwa akikunja waya ukutani, alisikia, akaona vema aseme neno la mtu mzima. "Maji ikishamwangika, Mama Berchmans, hatuizoe tena." Mama alikuwa akimtazama Donatien tu. Akauchukua waya wake akatoka nao ingawa haukuwa umekunjwa.

"Juu ya nini, mutoto wangu?" mama aliuliza.

Donatien alitafuta sababu. Zilikuwapo nyingi na zote zilikuwa za kweli: kinanda, nafasi, wageni, jenereta. Alizipanga mdomoni, akaziacha.

"Sikusikia kitu," alisema. "Eliane aliniuliza mara mbili, na sikusikia kitu. Tangu siku ile ya pikipiki sisikiaka kitu. Hata pale kaburini. Nikafikiri kama minye sisikii, basi hakuna kitu inaharibika."

Mama alishika pindo la kitambaa chake. Nje vijiko vilikuwa vimeanza kugonga sahani.

"Minye pia," alisema.

"Mama?"

"Sijalia. Unafikiri kitambaa hii ni ya kulilia? Watu wananiona nafunika uso, wanasema mama iko analia. Niko nafunika wasione uso iko kavu. Mama gani hamulilie mutoto wake? Nikajiambia, ni juu ya ukuta kunyamaza. Siku nitamusikia tena, hata mara moja, nitalia, kisha nitavua. Nilikuwa nangoja ile tu."

Ndipo ilipompata Donatien. Haikuja taratibu. Kwanza ilikuwa aibu, moto shingoni na masikioni, na nyuma ya aibu akaja Berchmans mwenyewe, mzima, na mihogo yake na orodha zake na kidole chake kinachofinya paja, na Donatien akajua kwa mara ya kwanza kwamba amekufa. Alitaka mama ampige. Alitamani hata atukanwe mbele ya wajomba. Mama aliinuka, akakaza fundo la kitambaa chini ya kidevu.

"Enda uambie watu wakule," alisema. "Wametoka mbali. Lakini matanga haiondoke leo."

"Nitawaambia ni juu ya nini?"

"Utawaambia vile ulifanya."

Alikwenda. Uani watu walikuwa wameketi kwa duara, sahani magotini, na kitambaa cheupe kimewekwa juu ya kiti kitupu cha mama. Mjomba wa Lubarika alimwona akija, akainua kikombe chake kumsifu marehemu kwa besi ile nzuri. Donatien alisimama katikati yao.

"Mama anasema mukule," alisema. "Lakini matanga haijaisha. Besi mulisikia ni yangu. Yake ilikuwako, na nilisema waifute."

Mjomba alishusha kikombe. Shangazi aliuliza wafute nani, na Donatien akafungua mdomo kumjibu na jina halikutoka. Kilichotoka ni kilio cha miezi minne, kikubwa na kibaya, mdomo wazi na kamasi, naye akakaa chini kwenye vumbi kati ya sahani za watu. Mwanzoni hakuna aliyeinuka. Kisha shangazi akaweka sahani yake chini akaja kumshika kichwa, na wanakwaya wawili wakamfuata. Mama Berchmans alikuwa ameshafika, amesimama karibu na jiko. Alimtazama mwanawe akilia, akingoja na machozi yake yaje, na uso wake ulikuwa mkavu.